Waraka wa Kilwa na Kiti cha New York

Katika hifadhi ya nyaraka za kale iliyoko Goa, nchini India, zimo barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Wataalamu huzihesabu miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Waswahili yaliyotufikia. Si tenzi, wala si hadithi za mashujaa. Ni barua za siasa, za watu wanaotafuta urafiki wa huyu ili wajikinge na yule. Na miongoni mwa waliozituma yumo mwanamke, Mfalme Fatima binti Muhammad wa Kilwa. Aliitwa Mfalme, basi. Lugha yetu haikuona haja ya kumtafutia cheo kidogo zaidi kwa kuwa amevaa kanga mahali pa kanzu.

Nimeanza na waraka huo kwa makusudi. Siku hizi, kila pakitajwa usawa wa wanawake na wanaume katika diplomasia, utamsikia mtu barazani akisema kwamba hayo ni mambo ya kuletwa, yameshushwa juzi na wafadhili, na kwamba hata wao wenyewe walioyaleta sasa wameyachoka. Sehemu ya pili ya maneno hayo ina ukweli ndani yake, nami nitaueleza. Sehemu ya kwanza ni uongo, na uongo ukiachwa ukazoeleka hugeuka mila.

Tuanze na ukweli. Mwaka 2014, Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutangaza kwamba sera yake ya nje itakuwa ya kifeministi. Waziri wake wa wakati huo, Margot Wallström, alisema kila balozi na kila fungu la msaada litapimwa kwa maswali ya haki za wanawake, uwakilishi wao na rasilimali wanazopata. Nyingine zikafuata, zikiwemo Canada, Ufaransa, Mexico, Uhispania, Ujerumani na Chile, kila moja kwa namna yake. Kisha upepo ukageuka. Oktoba 2022, serikali mpya ya Sweden ililitupa jina hilo siku zake za mwanzo kabisa. Novemba 2024, Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ilipopigia kura azimio la kupinga ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, nchi 170 zilikubali na nchi moja tu ikapinga: Argentina. Aprili 2025, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, alitangaza kuuvunja mpango wa wanawake, amani na usalama katika wizara yake, akiuita mradi wa wapinzani wake wa kisiasa. Akasahau, au akajisahaulisha, kwamba sheria ya mpango huo ilitiwa saini mwaka 2017 na Rais Donald Trump mwenyewe. Mwaka huohuo wa 2025 serikali mpya ya Ujerumani ikaliweka kando neno hilo, na Waziri Mkuu wa Canada, Mark Carney, akasema mwezi wa Novemba kwamba nchi yake haina tena sera ya nje ya kifeministi.

Hali ndiyo hiyo. Waliokuwa mbele wamerudi nyuma, na waliokuwa nyuma wamepata kisingizio. Swali letu sisi wa mwambao ni hili: je, jambo hili lilikuwa lao hata likiachwa nao liwe limekufa? Nasema la hasha. Nami nitazichukua hoja za wapinzani moja baada ya moja, kwa sababu hoja haishindwi kwa kulalamikiwa.

Hoja ya kwanza ni ya sifa. Wanasema: diplomasia si karamu ya kugawana pilau, apelekwe anayeweza, awe mume au mke. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini hebu tuyapeleke New York tuone. Tangu Umoja wa Mataifa uundwe mwaka 1945, umekuwa na Makatibu Wakuu tisa, na wote tisa ni wanaume. Urais wa Baraza Kuu, ambao hubadilika kila mwaka, mpaka kikao cha 80 kilichofunguliwa Septemba 2025 ulikuwa umeshikwa na wanawake watano tu: Vijaya Lakshmi Pandit wa India mwaka 1953, Angie Brooks wa Liberia mwaka 1969, Sheikha Haya Rashed Al Khalifa wa Bahrain mwaka 2006, María Fernanda Espinosa wa Ecuador mwaka 2018, na Annalena Baerbock wa Ujerumani mwaka 2025. Mwaka 2016, alipotafutwa mrithi wa Ban Ki-moon, walijitokeza wagombea 13, na 7 kati yao walikuwa wanawake. Humo mlikuwa na aliyepata kuwa waziri mkuu, mkuu wa UNESCO na mawaziri wa nje. Akachaguliwa António Guterres. Sisemi kwamba hakuwa na sifa. Nasema kwamba sifa ikitua mara tisa mfululizo upande mmoja wa nyumba, mwenye akili hulikagua paa.

Sisi Wazanzibari tunayo sababu ya ziada ya kutoidanganya nafsi yetu kuhusu mizani hiyo ya sifa. Mwaka 1981 mwana wetu, Salim Ahmed Salim, aligombea Ukatibu Mkuu. Alikuwa amepelekwa ubalozi wa Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa amekwisha kuwa Rais wa Baraza Kuu na Waziri wa Mambo ya Nje. Katika Baraza la Usalama alipata kura za kutosha, lakini Marekani ikatumia kura yake ya turufu dhidi yake mara kwa mara, huku China ikimfanyia vivyo hivyo Kurt Waldheim, hata wote wawili wakasimama kando na kiti akakipata Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Hakuna Mzanzibari aliyesema siku ile kwamba Salim alikosa kwa kukosa sifa. Tulijua kwamba mlangoni amekaa bawabu mwenye chuki zake. Basi iweje tumjue bawabu anapomzuia mwanamume wetu, tusimjue anapomzuia mwanamke?

Na bawabu huyo hakuwa wa New York peke yake. Wizara ya nje ya Uingereza haikuwakubali wanawake katika kazi ya ubalozi mpaka mwaka 1946. Na hata walipokubaliwa, aliyeolewa alilazimika kuacha kazi, sheria iliyodumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Marekani nayo ilikuwa na desturi ya namna hiyo. Serikali zetu za Afrika Mashariki zilipopata uhuru zilizirithi wizara zao zikiwa zimechorwa kwa mfano huo: balozi ni bwana, na mke wa balozi ni mwenyeji wa dhifa. Hapakuwa na sheria kwetu iliyosema hivyo, lakini nyumba hujengwa kwa ramani iliyopo. Anayedai leo kwamba usawa ndio mzigo ulioletwa kwa meli, na aulize kwanza ni meli gani iliyoleta ubaguzi wa ofisini.

Hapo tunaingia katika hoja ya pili, ya ugeni. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama, ambalo ndilo lililoweka kwa mara ya kwanza kwamba wanawake washirikishwe katika kuzuia vita na kutafuta amani, lilipitishwa 31 Oktoba 2000. Nchi iliyokuwa mwenyekiti wa Baraza mwezi ule ni Namibia, na miezi mitano kabla yake, katika mji wa Windhoek, ndipo lilipotolewa tamko lililolitangulia. Mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao wapinzani wa mambo haya huutaja kama chimbuko la balaa, Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, mwanakisiwa kama sisi ingawa maji yake ni baridi. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, iliyotungwa na Umoja wa Afrika, inazitaka nchi katika kifungu chake cha 10 ziwashirikishe wanawake katika kutafuta amani na kuilinda. Yote haya yalitangulia kwa zaidi ya miaka kumi sera ile ya Sweden ya mwaka 2014. Basi Stockholm ikichoka, Windhoek haijalazimika kuchoka. Mwenye shamba hafuati ratiba ya mpita njia.

Lakini tukubali jambo moja, maana hoja ya haki haiogopi kukubali. Zimekuwapo nchi za Kaskazini zilizohubiri usawa asubuhi na kuuza silaha jioni kwa watu walewale waliokuwa wakiwahubiria. Sweden yenyewe ilifumwa katika jambo hilo mwaka 2015, pale Wallström alipoikosoa Saudi Arabia, akazuiwa kuhutubia mkutano wa nchi za Kiarabu huko Cairo, na nchi yake ikagundua kwamba ilikuwa na mkataba wa ushirikiano wa kijeshi na watu haohao. Mkataba haukuendelezwa, na wenye viwanda walilalamika sana. Anayeutaja unafiki huo anautaja kwa haki. Ila dawa ya mhubiri mnafiki ni kumtaka aishi anayoyahubiri. Mtu hachi kuswali kwa sababu amemwona imamu akipunja mizani dukani.

Hoja ya tatu ni ya dini na mila, nayo ndiyo inayohitaji adabu kuliko zote. Suala la uongozi mkuu wa umma wa Kiislamu wanavyuoni wamelijadili kwa karne nyingi, nami silitolei fatwa hapa. Lakini ubalozi si uimamu mkuu. Ubalozi ni ujumbe, ushauri na upatanishi, na katika hayo tunazo hadithi tulizozisikia chuoni tangu utotoni. Katika mwaka wa sita wa Hijra, pale Hudaybiya, masharti ya mkataba na Makureishi yaliwauma masahaba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowaamuru wachinje wanyama wao na wanyoe, hakuinuka mtu. Akaingia kwa mkewe, Ummu Salama, akamweleza. Naye hakumwambia kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Alimshauri atoke, asiseme na yeyote, amchinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, watu walipomwona wakainuka wote. Mkataba ule, ambao Qurani iliuita ushindi, katika saa yake ngumu ulishikwa kwa shauri la mwanamke.

Na malkia wa Sabaa, ambaye wafasiri humwita Bilqis, alifanya nini ilipomfikia barua ya Nabii Suleiman? Sura ya An-Naml inatueleza kwamba aliwakusanya wakuu wake akawataka shauri. Wao wakazitaja nguvu zao za vita. Yeye akaona mbali zaidi: akakumbuka wafalme wanavyoufanya mji wanapouingia, akachagua kutuma wajumbe na zawadi ili apate kwanza kujua anasemezana na nani. Ukitaka kumfundisha kijana maana ya diplomasia kwa kisa kimoja, hutapata kilicho bora kuliko hicho. Na aliyetulia ndani yake, miongoni mwa watu wote wa baraza lile, ni mwanamke.

Wa mila nao watatuletea Utendi wa Mwana Kupona, kama wanavyouleta kila mara, kuthibitisha kwamba mahali pa mwanamke ni ndani. Nimewahi kuona unavyotumiwa kama rungu. Lakini utendi ule, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye. Haukutungwa uwe kanuni za utumishi wa serikali. Na mama yule hakuwa mtu asiyejua siasa: mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alipambana miaka mingi na utawala wa Unguja. Katika zama hizohizo, hapa Unguja, Bibi Salme binti Said alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, wafuasi wa Barghash walipofanya njama ya kumpindua Majid, karani wao alikuwa binti huyo wa miaka kumi na mitano, kwa sababu kalamu yake ilihitajika. Njama ilishindwa, nami siisifu. Nionyeshalo ni kwamba mila yetu, kila ilipobanwa na haja, ilimwita mwanamke katika mambo mazito. Kisha haja ikiisha ikamrudisha jikoni na kusahau kwamba ilimwita.

Hoja ya nne ndiyo ngumu zaidi, na wengi wa upande wangu huikwepa. Wanasema: mmewaona wanawake wakishika madaraka, je, dunia imekuwa laini? Jibu la kweli ni kwamba haikuwa. Uchaguzi wa Tanzania wa 29 Oktoba 2025, chini ya Rais mwanamke mzaliwa wa kisiwa hiki, ulifuatwa na maandamano, vifo vya raia na kuzimwa kwa intaneti, na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema haukuzifikia kanuni za Umoja huo. Mkataba wa Congo na Rwanda wa 27 Juni 2025 ulitiwa saini Washington kwa upande wa Congo na Waziri mwanamke, Thérèse Kayikwamba Wagner, bunduki hazikunyamaza. Tena likumbukwe la Doha. Mwishoni mwa Juni 2024, Umoja wa Mataifa uliwaita Taliban katika mkutano, nao wakashika kwamba wanawake wa Afghanistan wasiwemo mezani. Wakakubaliwa. Aliyeongoza mkutano ule kwa niaba ya Umoja wa Mataifa alikuwa mwanamke, Rosemary DiCarlo. Wanawake wa Kiafghani walikutwa kando baadaye, watu wakiwa wamekwisha kunywa chai yao. Yakazungumzwa mambo ya benki na dawa za kulevya ya nchi ambayo wasichana wake wamefungiwa skuli za sekondari tangu 2021, bila ya msichana mmoja wa nchi hiyo kuwapo.

Basi nasema wazi: asiyetaka usawa kwa sababu wanawake si malaika, sina ugomvi naye juu ya malaika. Hatukuwataka wanaume wawe malaika ndipo tuwape balozi. Mwanamke mwenye dola hupimwa kwa mizani ileile ya mwanamume, akidhulumu aambiwe amedhulumu, wala ushungi usiwe kinga yake. Haki ya kuketi mezani haitokani na upole wa anayeketi. Inatokana na kuwa yanayoamuliwa pale yatamfika. Ndiyo maana sitosheki na mwanamke mmoja mwenye cheo anayeongoza mkutano uliowafungia nje wanawake wenzake. Tunalolidai ni mlango, na mlango haufunguliwi kwa kutundika picha ya mwanamke juu yake.

Tena, mlango ukifunguliwa, kinachoingia huonekana. Katika mazungumzo ya Arusha ya kuimaliza vita ya Burundi, yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere na baada yake Nelson Mandela, vyama 19 vilikuwa mezani, na wanawake waliruhusiwa mwishoni kukaa kama watazamaji. Julai 2000 ulifanywa Arusha mkutano wao, wa Wahutu na Watutsi pamoja, wakaandika mapendekezo yao wakamkabidhi Mandela. Zaidi ya 20 kati yake yaliingia katika mkataba uliotiwa saini 28 Agosti 2000. Humo mlikuwa na mambo ambayo wakubwa wa vyama, katika kugombea idadi ya wanajeshi na mawaziri, hawakuyakumbuka: ardhi na urithi wa mjane anayerudi kutoka kambi ya wakimbizi, adhabu kwa wabakaji, skuli kwa watoto wa kike. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ikaja kuweka angalau asilimia 30 ya nafasi za serikali na bunge kwa wanawake. Na Nairobi mwaka 2008, Kenya ilipokuwa inaungua baada ya uchaguzi, mezani walikuwapo Martha Karua upande wa serikali na Sally Kosgei upande wa wapinzani, na Graça Machel alikuwa mmoja wa wapatanishi pamoja na Kofi Annan na Benjamin Mkapa. Karua hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mgumu kama jiwe la matumbawe. Hiyo ilikuwa haki yake, na mkataba wa 28 Februari ulipatikana vilevile.

Hiyo si hali ya kawaida, lakini. Ripoti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba katika mazungumzo ya amani ya mwaka 2023 wanawake walikuwa chini ya 10 katika kila wajadiliani 100. Tazama na kwetu. Mazungumzo ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad yaliutuliza mji na kutupeleka kwenye kura ya maoni ya Julai 2010. Kila Mzanzibari anaikumbuka picha ya wazee wale wawili, nami nawaombea kheri kwa walilolifanya. Lakini waliosimama kwenye foleni ya kura ile juani, na ambao kabla yake walizika watoto wao Januari 2001, wengi wao walikuwa mama zetu. Katika picha hawamo.

Haiwezi kusemwa kwamba hawapo wanaofaa. Asha-Rose Migiro alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania mwaka 2006, na mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Amina Salum Ali wa Zanzibar aliiongoza fedha ya Visiwa hivi, kisha akauwakilisha Umoja wa Afrika mjini Washington. Mwaka 2015, chama tawala kilipowachuja watu wake wa kugombea urais, watatu wa mwisho walikuwa wawili hao pamoja na John Magufuli. Wanadiplomasia wawili wanawake, na mmoja wao wa hapa. Mti wa kuchongea mashua upo; fundi ndiye asemaye msitu mtupu.

Nini basi kifanywe? Kwanza, Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo kwa Katiba ni ya Muungano, iwe inatangaza kila mwaka majina na idadi: mabalozi wangapi wanawake, wangapi katika kila ujumbe wa mazungumzo, na wangapi kati yao wanatoka Zanzibar. Mwanamke wa visiwani yuko mbali mara mbili, kwa jinsia yake na kwa bahari, na umbali usiopimwa haupungui. Pili, pasiwe na desturi ya kuwapeleka wanawake kwenye mikutano ya ustawi na watoto tu, huku mikutano ya mipaka ya bahari, uvuvi, mafuta na madeni ikiachiwa mabwana. Mvuvi wa pweza wa Paje na Makunduchi ni mwanamke. Bahari ikijadiliwa, mwenye mkuki wake awemo. Tatu, itengenezwe sheria ya haki kwa mume anayemfuata mkewe kituoni ughaibuni, kama ilivyokuwepo siku zote kwa mke anayemfuata mumewe. Wengi wenye uwezo wamekataa vituo si kwa woga, bali kwa kuwa ndoa iliambiwa ichague.

Nne, ni lile la New York. Kipindi cha pili cha Guterres kinakoma 31 Desemba 2026. Septemba 2025 Baraza Kuu lenyewe lilisikitika katika azimio lake kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukishika kiti kile, na likazihimiza nchi zipendekeze wanawake. Masikitiko hayapigi kura. Kwa mujibu wa kifungu cha 97 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Baraza la Usalama hupendekeza na Baraza Kuu huteua. Humo katika Baraza Kuu nchi zetu zina sauti sawa na za Marekani na China, na zinaweza kusema kwamba hazitaridhia kimya jina jengine la desturi. Nchi iliyowahi kuumizwa mwaka 1981 kwa mlango kufungwa kwa sababu zisizo za haki ina deni la kutousukuma mlango huohuo usoni mwa mwingine.

Najua baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi wangependa tuzungumze mashairi tu, tuwaachie wanasiasa siasa zao. Lakini ushairi wa mwambao haukuwahi kukaa nje ya baraza. Ulitumwa kwa maadui, ulipatanisha miji, uliomba radhi na ulitangaza vita. Kwa hiyo, nami natoa ubeti wangu, si kwa ufundi bali kwa ada:

Mezani tumewekewa, kiti kimoja pembeni,
Amani ikigawiwa, sisi tuko barazani,
Na vita vikichochewa, vyatuingia nyumbani,
Mkataba ukitiwa, saini yetu i ndani!

Mwenye hoja ya kuujibu na aujibu, kwa nathari au kwa mizani. Wanaorudi nyuma huko ng'ambo wana njia yao na wataulizwa na watu wao. Sisi tusijifiche nyuma ya migongo yao. Barua ya Kilwa iliandikwa kabla ya Sweden kuwa na sera, kabla ya Marekani kuwa nchi, na aliyeituma hakuomba ruhusa ya kuwa mjumbe wa watu wake.